Mashahidi wa ndoa: kuyasoma majina mawili ya chini kwenye cheti cha babu na bibi

Cheti cha ndoa kikitoka kabatini baada ya miaka sitini, kila mtu husoma majina ya juu. Bwana harusi, bibi harusi, tarehe, kanisa au msikiti, basi. Mashahidi huachwa. Na wale wasiowaacha mara nyingi huwatendea vibaya zaidi: humwona mtu aliyetia sahihi karibu na jina la bibi, wakasema "huyu bila shaka ni kaka yake", wakampachika kwenye mti wa ukoo. Jamaa wengine wakinakili mti huo, dhana imeshakuwa ukweli, na kuing'oa ni kazi kubwa.

Jina la shahidi, likisimama peke yake, linathibitisha mambo matatu: mtu huyo alikuwa hai siku hiyo, alikuwepo mahali hapo, na waliofungisha ndoa walimkubali kuwa anafaa kushuhudia. Undugu haumo. Undugu unaweza kupatikana kwa kumfuatilia, na hapo ndipo majina haya yanapokuwa na thamani kubwa kwetu Afrika Mashariki, ambako mtu aliyezaliwa 1915 kwa kawaida hana cheti cha kuzaliwa. Lakini kabla ya kuuliza shahidi ni nani kwa bibi yako, uliza ndoa ilifungwa kwa utaratibu gani, na utaratibu huo ulimtaka shahidi awe mtu wa namna gani.

Ndoa ya Kiislamu: tazama wali kwanza

Waislamu wengi wa pwani yetu ni wa madhehebu ya Shafi. Katika madhehebu hayo ndoa haisihi bila wali wa mwanamke, yaani mwenye haki ya kumwozesha, na mashahidi wawili. Mashahidi hao wawe wanaume Waislamu, baleghe, wenye akili timamu, waadilifu, wanaosikia na kuona. Sharti la udugu halipo. Nikaha ikisomwa msikitini baada ya swala, mashahidi wanaweza kuwa wazee wawili waliokaa safu ya mbele, ambao imamu anawaamini na ambao familia haikuwaalika kwa namna ya pekee. Kwa hiyo shahidi kwenye cheti cha Kiislamu hukuonyesha mtaa na msikiti kuliko anavyokuonyesha ukoo.

Anayekuonyesha ukoo ni wali. Mpangilio wa mawalii unajulikana: baba, kisha babu mzaa baba, kisha kaka wa baba na mama mmoja, kisha kaka wa baba mmoja, kisha watoto wa kiume wa kaka, kisha ami, kisha watoto wa kiume wa ami. Mjomba hayumo, kwa sababu uwalii unapita upande wa baba. Kwa hiyo ukikuta cheti kinasema wali ni kaka, una habari nzito mkononi: yaelekea baba na babu mzaa baba walikuwa wameshafariki, au hawakuwa na sifa za kuozesha.

Pana jambo ambalo watafiti wengi hulikosa. Kwa Shafi, wali wa karibu akiwa safarini mbali, mwendo wa marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80 hivi, uwalii hauhamii kwa ndugu anayefuata. Unakwenda kwa hakimu, yaani kadhi. Maana yake ni kwamba maneno "wali hakimu" hayakuambii moja kwa moja kuwa bibi harusi hakuwa na watu. Baba anaweza kuwa alikuwa baharini, au bara kwenye biashara, au mtoni Kongo. Na "wali kaka" humaanisha kifo cha baba kwa nguvu zaidi kuliko "wali hakimu". Wengi huyasoma kinyume.

Kuna mtego wa wakili. Baba anaweza kumpa mtoto wake, shehe au rafiki wakala wa kuozesha kwa niaba yake, na karani akaandika jina la wakili kwenye nafasi ya wali. Tafuta maneno "kwa wakala wa" au "wakili wa wali" kabla ya kuamua. Vilevile kumbuka kwamba wali hahesabiwi kuwa shahidi, hata kama amempa mtu mwingine wakala na yeye mwenyewe amekaa pale pale. Basi kama unaamini shahidi wa pili ni baba mzazi wa bibi harusi, na ndoa ni ya Kishafi, rudi nyuma. Yaelekea ni mtu mwingine mwenye jina lile lile.

Si Waislamu wote wa Afrika Mashariki ni Mashafi, na hapa kanuni zinabadilika. Kwa Mahanafi, ambao ni wengi kati ya Waislamu wa asili ya Punjabi na Wamemoni wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, mwanamume mmoja na wanawake wawili wanatosha kuwa mashahidi, na mwanamke mtu mzima anaweza kujiozesha. Cheti chao kisichokuwa na wali hakimaanishi yatima. Kwa Mashia Ithnaasheri mashahidi si sharti la kusihi kwa ndoa. Nafasi zao kwenye fomu hujazwa kwa ajili ya serikali. Ukitumia kanuni za Shafi kusoma cheti cha Ithnaasheri utabuni matatizo ambayo hayakuwepo.

Karatasi za kabla ya mwanzo wa karne ya 20 zinahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mwanamke mtumwa aliozeshwa na bwana wake. Mwanamke aliyeachwa huru, asipokuwa na jamaa wa kiume upande wa baba, wali wake alikuwa yule aliyemwacha huru. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, Kenya 1907 na Tanganyika 1922, na ndoa za watu waliozaliwa chini ya hali hiyo ziliendelea kufungwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo wali mwenye nisba (jina la kabila au asili) kubwa ya Kiarabu, mashahidi wa nyumba ile ile, na bibi harusi asiyetajwa babu yake, ni mambo yanayokuhitaji usimwandike wali kuwa baba hadi upate karatasi nyingine. Nimeona miti mingi ya ukoo inayopanda hadi Omani kwa kutumia daraja hili moja tu. Huenda ni kweli. Lakini uwalii wa aliyeacha huru si nasaba, na kizazi kilichobebeshwa jina hilo kinastahili kutafutiwa asili yake yenyewe.

Ndoa ya kanisani: nani alisimama, na nani alikuwa zamu

Kanisa Katoliki lilidai mashahidi wawili au watatu mbele ya paroko tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563. Mapadre waliofungua Bagamoyo mwaka 1868 walikuja na utaratibu huo. Waanglikana, Walutheri na Wamoravian nao wana nafasi mbili za mashahidi kwenye rejista zao. Tofauti kubwa na ndoa ya Kishafi ni kwamba mwanamke anaweza kushuhudia.

Katika miongo ya mwanzo ya misheni, shahidi aliyezoeleka ni katekista, mwalimu wa shule ya misheni au mzee wa kanisa. Hili linatokana na jinsi kazi ilivyokwenda. Padre alizunguka vigangoni, yaani kwenye makanisa madogo ya parokia, mara chache kwa mwaka. Wachumba waliokamilisha mafundisho walingoja, na siku akifika, ndoa sita au kumi zilifungwa asubuhi moja. Aliyewajua wote na aliyekuwa tayari kuweka sahihi alikuwa katekista. Ukiona ukurasa wenye ndoa nane za tarehe moja na mashahidi wale wale wawili chini ya zote, uzito wa undugu wa mashahidi hao ni sifuri. Usiwatupe, lakini. Katekista anakutajia kigango, na kigango kinakutajia kijiji, wakati rejista yenyewe inataja parokia mama iliyoko mwendo wa siku mbili.

Katika jamii za watumwa waliokombolewa, kama Freretown karibu na Mombasa iliyoanzishwa 1875, au Bagamoyo yenyewe, bwana na bibi harusi huenda hawakuwa na ndugu hata mmoja ndani ya kilomita mia tano. Shahidi pale ni mwenzake wa bweni, mwalimu wake, au mtu aliyeshushwa naye kutoka jahazi moja. Udugu wa namna hiyo ulikuwa wa kweli kwao na watoto waliitana kaka na dada. Uandike ulivyo, usiugeuze kuwa wa damu.

Baadaye, hasa kuanzia kizazi cha uhuru, desturi ya wasimamizi wa ndoa inakomaa: mume na mke waliokwisha kufunga ndoa kanisani, wanaoheshimika, husimama na maharusi na ndio hutia sahihi. Hapo majina mawili kwenye cheti ni ya wanandoa. Wanaweza kuwa ndugu, jirani, bosi kazini au wanajumuiya. Mara nyingi huteuliwa kwa sababu ndoa yao ina sifa njema, na paroko alikuwa na kauli.

Rejista za Kikatoliki za zamani ziko kwa Kilatini, na Kilatini hubadilisha mwisho wa jina kulingana na kazi yake kwenye sentensi. Ukikuta "coram testibus Iosepho Antonii et Maria Pauli", maana yake mbele ya mashahidi Yosefu wa Antoni na Maria wa Paulo. Antonii na Pauli ni majina ya baba zao, si majina ya ukoo. Vivyo hivyo Ioanne ni Yohane, Iacobo ni Yakobo, Matthaeo ni Matayo. Wapo wanaonakili "Antonii" kama lilivyo kisha wakatafuta ukoo wa Antonii usiokuwepo duniani. Neno "quondam" kabla ya jina la baba lina maana ya marehemu. Hilo pekee linaweza kukupa kikomo cha tarehe ya kifo. "Vidua" ni mjane. Rejista za Walutheri wa Leipzig waliofika Kilimanjaro 1893 na misheni nyingine za Kijerumani unaweza kuzikuta kwa Kijerumani. Tafuta safu ya "Zeugen" au "Trauzeugen", na ujiandae kwa mwandiko wa Kijerumani cha zamani ambao herufi zake e na n hufanana mno.

Bado kwa Wakatoliki kuna jambo la kukufurahisha. Tangu Pasaka ya 1908, paroko anayefungisha ndoa ametakiwa kuhakikisha habari yake inaandikwa pia kwenye rejista ya ubatizo ya kila mwanandoa, huko alikobatizwa. Basi shahidi ukimpata ubatizo wake, pembezoni unaweza kukuta tarehe na parokia ya ndoa yake mwenyewe. Ukifika huko unakuta mashahidi wake. Mara kadhaa mmoja wao ni babu yako.

Bomani

Ndoa ya serikali nitaipita haraka. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, wenye umri usiopungua miaka 18, kwa ndoa za aina zote. Kwa hiyo shahidi wa ndoa ya 1975 Bara alizaliwa si baada ya 1957, kama sheria ilifuatwa. Sheria hiyo haigusi Zanzibar. Kwa Kenya angalia juu ya cheti kimetolewa chini ya sheria ipi: ile ya 1902, ile ya ndoa za Wakristo Waafrika ya 1931, ile ya kusajili ndoa za Waislamu ya 1906, au ya 2014 iliyokusanya zote. Ofisini, maharusi waliokuja bila watu waliweza kushuhudiwa na karani au tarishi. Ukiona jina moja kwenye vyeti vingi vya ofisi hiyo hiyo, huyo alikuwa kazini.

Majina: hapa ndipo watu hupotea

Miongozo mingi ya utafiti wa ukoo iliyoko mtandaoni iliandikwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza, ambako jina la mwisho hurithiwa na ukoo mzima. Inakwambia: tafuta shahidi mwenye jina la mwisho sawa na la bibi harusi. Kwetu ushauri huo unapotosha, kwa sababu jina la pili kwa kawaida ni la baba, na la tatu ni la babu. Jina la pili likifanana, unatazama watoto wa baba mmoja. Ami yake hatafanana naye kwa jina hilo.

Tuchukue majina ya mfano tu. Bibi harusi ni Anna Yosefu Matayo, na mama yake ni Maria Petro. Shahidi akiwa Daudi Yosefu, anaweza kuwa kaka yake kwa baba. Akiwa Daudi Matayo, anaweza kuwa ndugu wa Yosefu, yaani baba mkubwa au baba mdogo wa Anna. Akiwa Daudi Petro, mtazame kama mjomba, kwa sababu anashiriki jina la baba na Maria. Akiwa Daudi Yohana, hakuna uzi unaoonekana, lakini mume wa dada, mume wa shangazi na mjomba wa mama wote wamo humo. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu shahidi unahitaji majina matatu ya kila mwanandoa na mawili ya kila mama. Bila majina ya akina mama, utawapoteza wajomba wote.

Na wajomba si wa kupotezwa. Kwa Wayao, Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Waluguru, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya ndoa ya mpwa wake. Ukifanya utafiti wa rejista za Masasi au za milima ya Uluguru, shahidi asiyefanana jina na yeyote upande wa baba ndiye wa kumtafuta kwanza. Kwa Wachaga, Wahaya au Wakikuyu, anza na ami na baba wadogo.

Sasa pima uzito wa kufanana. Misheni iliwapa watu majina ya watakatifu wachache, na pwani ina Juma, Hamisi, Ali na Mohamed kila nyumba. Kufanana kwa "Yosefu" kwenye parokia yenye Yosefu mia mbili hakusemi kitu. Kufanana kwa jina la asili lisilo la kawaida, lile alilopewa mtoto kwa sababu ya njaa, vita au mvua ya mwaka fulani, kunasema mengi. Jina la namna hiyo likiwa kwa shahidi na pia kwa babu wa bibi harusi, simama hapo uchimbe.

Kuna kurithi majina. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake katika jamii nyingi. Daudi Matayo anamzaa Matayo Daudi, naye anamzaa Daudi Matayo. Kwenye rejista moja ya miaka hamsini utakuta Daudi Matayo wawili, babu na mjukuu, na ukidhani ni mtu mmoja utampa miaka mia. Andika mwaka wa kwanza na wa mwisho jina linapoonekana kama shahidi. Pengo likizidi miaka 35 hivi, anza kushuku kuwa ni wawili.

Wanawake wana kanuni yao. Pwani mwanamke hubaki na jina la baba maisha yake yote, binti fulani. Kanisani, hasa mijini na katika miongo ya karibuni, huandikwa kwa jina la mume. Anna Daudi akitia sahihi pamoja na Daudi Yohana, uwezekano mkubwa ni mke wake. Akitia sahihi peke yake, anaweza kuwa binti wa Daudi yeyote. Hata shahidi anayebeba jina la bwana harusi kama jina lake la pili anaweza kuwa mtoto wao. Wanandoa wengi waliishi miaka ishirini katika ndoa ya kimila kabla ya kubariki ndoa kanisani, na mtoto mkubwa akasimama.

Tahajia nayo isikuzuie. Hamisi na Khamis, Athumani na Uthman, Selemani na Sulaiman, Abdala na Abdallah ni jina moja mikononi mwa makarani tofauti. Andika lilivyo kwanza, kisha pembeni andika umbo moja utakalolitumia kutafutia.

Sahihi, msalaba na dole gumba

Omba picha ya ukurasa wa rejista yenyewe. Cheti kipya kilichochapwa ofisini mwaka huu kutoka rejista ya 1949 kitakupa majina, pengine jina moja moja tu, na hakitakupa mikono ya watu. Na mikono ni nusu ya ushahidi.

Kama sahihi zote, pamoja na za wanandoa, ziko katika mwandiko wa aliyejaza ukurasa, basi unasoma nakala. Uliza kama rejista ya asili ipo. Kama mashahidi wametia dole gumba, hawakuwa walimu, na hapo dhana ya "shahidi wa zamu" inapungua nguvu. Mtu asiyejua kuandika aliletwa kwa sababu nyingine, na jamaa ni sababu ya kwanza kufikiriwa. Sahihi kwa herufi za Kiarabu kwenye cheti cha kikoloni hutoka kwa mtu aliyesoma chuo cha Kurani. Karani anaweza kumwandika mtu huyo huyo pembeni kama asiyejua kusoma, kwa kuwa hakujua herufi za Kizungu. Hapo iamini sahihi. Ilinganishe sahihi ya shahidi kutoka ndoa moja hadi nyingine: jinsi anavyoanza herufi ya kwanza hubadilika polepole sana, na ndivyo utakavyowatenganisha wale Daudi Matayo wawili.

Pia usidhani shahidi wa kwanza ni wa upande wa bwana harusi. Baadhi ya fomu zimeandika hivyo waziwazi, nyingine zina namba 1 na 2 tu. Ipime rejista unayoisoma kwa ndoa mbili au tatu ambazo jamaa zake unawajua tayari.

Daftari la mashahidi

Fungua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu hizi: tarehe, namba ya ndoa, bwana harusi, bibi harusi, wali kama yupo, mashahidi, aliyefungisha, mahali, aina ya alama, na maelezo. Usiandike ndoa yako tu. Andika kurasa tano kabla yake na tano baada yake, na kama rejista ni ndogo, andika mwaka mzima. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayotoa jibu. Shahidi anayeonekana mara kumi na moja kwa wanandoa wasiohusiana ni mtu wa kanisa au wa ofisi. Shahidi anayeonekana mara moja tu, kwenye ndoa yako, aliletwa na familia. Anayeonekana mara tatu, na zote tatu ni za watoto wa nyumba moja, ni jamaa wa karibu au mlezi, na sasa una haki ya kumfuatilia kwa gharama.

Kumfuatilia ni hivi. Tazama ubatizo wa mtoto wa kwanza wa maharusi: je, shahidi ndiye msimamizi wa mtoto? Tazama ndoa yake yeye: je, babu yako alimshuhudia? Kushuhudiana huku na huku ni dalili ya rika au ya mashemeji zaidi kuliko ya baba na mtoto. Kisha nenda kwenye mirathi. Jalada la mirathi la mahakama ya kadhi, mahakama ya mwanzo au Kabidhi Wasii Mkuu (ofisi ya serikali inayosimamia mirathi) huorodhesha warithi na uhusiano wao na marehemu, na mbele ya sheria watu huutaja undugu kwa usahihi ambao hawautumii barazani. Ukimkuta shahidi pale akitajwa "kaka wa marehemu", dhana yako imekuwa ushahidi.

Rejista nyingi za kanisa bado ziko parokiani. Nenda na barua, tarehe ya kukadiria, na subira, na utoe sadaka kwa heshima bila kuombwa. Zikiwa hazipo, uliza jimboni. Kumbukumbu za misheni yenyewe zilisafiri: za UMCA (misheni ya Waanglikana ya vyuo vikuu) ziko Oxford, za CMS (Church Missionary Society, nayo ya Waanglikana) ziko Birmingham, za Leipzig ziko Halle. Kwa Zanzibar, Nyaraka za Taifa pale Kilimani ndipo pa kuanzia kwa karatasi za zamani. Kwa ndoa zilizosajiliwa serikalini Bara, ni RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) au ofisi ya mkuu wa wilaya iliyopeleka taarifa.

Kuwauliza wazee

Mzee akiulizwa "Daudi Petro alikuwa ndugu yetu?" atasema ndiyo, na hatakuwa amesema uongo. Ndugu ni neno pana. Uliza: "Bibi alikuwa akimwitaje?" Jibu litakuja kwa neno la undugu lenyewe: mjomba, ami, baba mdogo, shemeji, wifi, binamu. Kisha uliza yeye alimwitaje bibi, maana maneno mawili pamoja hufunga hesabu. Akisema "alimwita baba", uliza kama alikuwa baba mkubwa, baba mdogo, au baba mlezi.

Jibu linaweza kuwa somo wake, jirani, au mtani. Mtani hasa usimdharau. Wazaramo na Wanyamwezi, kwa mfano, ni watani wa siku nyingi, na mtani huwa na nafasi yake kwenye shughuli za familia ambayo hata ndugu hana. Jina la Kinyamwezi chini ya cheti cha ndoa ya Kizaramo huenda halina damu ndani yake wala halikufika pale kwa bahati. Na kabla hujatundika jina lolote hadharani, hakikisha mhusika na watoto wake wameridhia kama wako hai.

Kwenye mti wa ukoo, usimwandike mtu mjomba kwa sababu ya cheti. Mwandike hivi: shahidi wa ndoa, 1947, huenda ni mjomba wa bibi harusi, kwa kuwa jina la baba yake linafanana na la baba wa Maria, ametia dole, na haonekani kwenye ndoa nyingine yoyote ya mwaka huo, kinachokosekana ni ubatizo wake au jalada la mirathi la Maria.